Alibadilisha Plagi Kirikuu Ikaanza Kutetemeka: Dada wa Tunduma Alivyobakiza Siku Moja Auze Gari kwa Bei ya Kutupa

Tunduma kila mtu ni fundi. Simamisha gari pembeni ya barabara ya TANZAM, acha injini wazi, hesabu mpaka kumi. Atakuja utingo, atakuja muuza chipsi, atakuja dereva wa semi anayesubiri nyaraka zake ili avuke Nakonde, na kila mmoja ana jibu lake mkononi. Majibu ni ya bure. Spea ndizo zinanunuliwa.

Kuna dada mmoja mjini hapo, umri wake hata thelathini haujafika, ambaye hilo amelijua kwa hela yake mwenyewe. Jina lake liachwe, maana watu wa Tunduma wakisoma tu rangi ya gari watamjua.

Dada huyu ana Kirikuu. Ile Suzuki Carry ya miaka ya 90, ya distributa na kabureta, injini iko chini ya viti. Ni gari ndogo kwelikweli. Kule Japani sheria ya magari madogo iliweka kikomo cha cc 660 kuanzia 1990, na injini ya Kirikuu kama yake ni cc 657, silinda tatu tu. Lakini hiyo hiyo ndogo ndiyo inayomlisha yeye, mama yake na mdogo wake anayesoma Vwawa. Alinunua kwa akiba yake ya miaka minne ya kuuza mitumba, akaongezea mkopo wa kikundi cha VICOBA. Kazi yake inaeleweka: alfajiri anakwenda Mlowo au vijiji vya Mbozi, anapakia kabichi, nyanya, maharage, anashusha soko la Tunduma. Ana mteja wake mmoja mkubwa, mama wa vibanda vinne, safari tatu kwa wiki, hela taslimu.

Basi ikafika Juni. Aliyewahi kulala Mbozi mwezi wa sita anaijua ile baridi. Kirikuu ikawa inasumbua kuwaka asubuhi. Unapiga stata, inakohoa, unasubiri, unapiga tena. Ikishawaka haina neno, inakwenda siku nzima bila kelele.

Akaipeleka gereji moja hapo mjini. Kijana akachungulia, akamwambia, "Sista, plagi zimechoka, waya zimekakamaa, kofia ya distributa imeliwa ndani. Badilisha vyote." Na kiukweli hapo kijana hakudanganya. Vitu vilikuwa vimechoka. Vikanunuliwa: plagi tatu, waya za plagi, kofia na rota yake. Saa moja tu kazi imeisha, gari ikawaka kwa mguso mmoja. Dada akalipa akiwa anatabasamu.

Tabasamu lilifika mpaka kwenye foleni tu.

Wasioijua Tunduma waelewe kwanza. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2019 ili kupunguza usumbufu wa kuvuka, lakini hapa ndipo mzigo wa Zambia na Congo unapopita, na siku foleni ya malori ikishika, inashika. Gari ndogo inajipenyeza, inasimama, inasogea mita kumi, inasimama tena. Hapo mguu hauko kwenye mafuta. Gari iko sailensa, inajiendesha yenyewe kwa pumzi ndogo. Na hapo ndipo Kirikuu ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Usukani unacheza, kioo cha pembeni kinacheza, kabichi nyuma zinacheza. Mara ikazima. Akawasha. Akasogea mita tano, ikazima tena, na nyuma yake semi ya tani thelathini inampigia honi ya kumtoa roho.

Cha ajabu, akikanyaga mafuta inatulia. Barabarani kuelekea Vwawa inapaa kama kawaida. Akisimama tu, ugonjwa unarudi.

Wiki ya kila mtu na lake

Siku ya kwanza akarudi gereji. Kijana akasikiliza sekunde mbili, akatamka, "Hizo plagi feki, dada. Umepigwa." Akanunua seti nyingine, za bei mara mbili. Gari ikatetemeka vilevile.

Siku ya pili akaambiwa ni koili. Akanunua koili. Ikatetemeka.

Siku ya tatu gereji nyingine, fundi mwingine. Huyu hakuuza kitu. Alichukua bisibisi, akazungusha skrubu ya sailensa ikapanda, gari ikaanza kunguruma juu juu na mtetemo ukapungua. "Imepona hiyo." Dada akaondoka na furaha ya jioni moja. Kesho yake mafuta yaliyokuwa yakimtosha kwenda Mlowo na kurudi yakaishia Mpemba.

Siku ya nne wakaingia madereva wa malori. Hawa ni watu wa heshima Tunduma, wametembea Lubumbashi na kurudi. Mmoja akasema ni nozeli. Mwingine akasema ni pampu. Wote walikuwa na nia njema, na wote walikuwa wanatibu gari lisilokuwepo. Lori zao ni za dizeli, na dizeli haiwashwi kwa cheche ya plagi. Hewa inabanwa mpaka inapata joto kali, mafuta yakipulizwa ndani yanawaka yenyewe. Kirikuu ni ya petroli. Inahitaji cheche, mafuta na hewa kwa kipimo chake, kwa wakati wake.

Siku ya tano fundi wa tatu akatoa hukumu: "Kompresheni imekwisha. Injini ya kushusha hii. Au tafuta injini nyingine."

Hesabu ya injini alipotajiwa, dada alikaa chini kwenye tairi. Alikuwa ameshatumia karibu laki tatu kwa siku tano. Marejesho ya VICOBA ni Jumapili. Na yule mama wa vibanda akapiga simu, kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi nyanya zangu haziwezi kusubiri. Mpaka Jumamosi. Baada ya hapo nimpe mwenzio."

Mchumba naye akaja na lake

Dada ana mchumba. Mahari imetolewa nusu, harusi ilikuwa inapangwa Desemba. Na jamaa si mtu mbaya, wanaomfahamu wanasema ni mpole. Lakini ile Kirikuu hakuwahi kuipenda. Mwanamke kuamka saa kumi alfajiri kufuata nyanya na kurudi na vumbi, hakuona kama ni maisha ya mke wa mtu.

Ijumaa jioni akamwambia, "Mpenzi, hii gari inakula hela zako. Kuna mtu anaitaka hivyo hivyo ilivyo. Milioni tatu na nusu, kesho asubuhi anakuja na pesa."

Dada alikuwa ameinunua milioni tisa.

Aliuliza swali moja tu: "Huyo mtu amejuaje kama nauza?"

Kimya. Ikabainika kuwa jamaa alishaongea naye tangu Jumatano. Siku ambayo dada alikuwa bado anahangaika na bisibisi ya fundi wa pili, gari lake lilikuwa limeshapewa bei.

Usiku ule hakulala. Na wala hakuwa amekataa kuuza. Hapo ndipo watu wengi wanakosea wakisikia kisa hiki, wanadhani dada alikuwa mkali. Hapana. Alikuwa amechoka. Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu: milioni tatu na nusu, nalipa VICOBA, kinachobaki narudi mitumba.

Mzee wa Mpemba

Jumamosi alfajiri, kabla mnunuzi hajaja, aliamua kwenda kumlipa mama wa vibanda deni dogo alilokuwa nalo, amuage vizuri. Mama ndiye aliyesema, "Kabla hujauza, pitia Mpemba. Kuna mzee pale alikuwa fundi wa magari ya petroli tangu enzi za Land Rover 109. Macho yamepungua nguvu lakini masikio bado."

Akaenda. Mzee alikuwa anaota jua nje na kikombe cha chai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Washa."

Akawasha. Mzee hakuinuka. Alisikiliza, akanywa chai, akauliza swali ambalo mafundi watatu hawakuuliza:

"Kabla ya kubadilisha plagi, ilikuwa inatetemeka hivi?"

"Hapana baba. Ilikuwa inasumbua kuwaka tu."

"Ilianza lini?"

"Siku ile ile nimetoka gereji."

"Basi ugonjwa uliingia gereji. Injini haichakai kwa saa moja. Tutafute mkono ulipita wapi."

Hapo ndipo mwenye gari yoyote ya petroli asome taratibu.

Kwanza mzee alitazama waya za plagi, kama kila mmoja umekwenda kwenye silinda yake na umeingia mpaka mwisho. Akaeleza kwamba ukizichanganya waya mbili kwenye injini ya silinda tatu, gari haitatetemeka kistaarabu hivi, itapiga chafya na huenda isiwake kabisa. Waya zilikuwa sawa.

Akavua plagi zote tatu akaziweka mstari mmoja juu ya gunia. Akatazama kaure nyeupe kama ina ufa, maana fundi mwenye haraka akiingiza spana mshazari anaipasua na umeme unavujia pembeni. Hakuna ufa. Akatazama gepu. Sawa. Akatazama rangi. Plagi ya silinda isiyowaka hutoka imelowa petroli. Inayopata mafuta mengi kupita kiasi hutoka nyeusi kwa masizi. Hizi zote tatu zilikuwa kavu na zimepauka, zimefanana kama mapacha.

"Umeona? Zinaumwa ugonjwa mmoja. Kama ingekuwa plagi mbovu, moja ingetofautiana na wenzake."

Akazirudisha, halafu akafanya jaribio la kukata. Alizima gari, akavua waya wa silinda ya kwanza, akauchomeka kwenye plagi kuukuu aliyoifunga kwenye chuma cha bodi ili umeme upate pa kwenda. Akawasha. Gari ikadhoofika, ikakaribia kuzima. Akazima, akarudisha, akahamia ya pili. Ikadhoofika vilevile. Ya tatu, hivyo hivyo.

Maana yake ni rahisi. Silinda iliyokufa ukiikata hakuna kinachobadilika, maana haikuwa inachangia chochote. Hizi zote zilikuwa zinachangia. Na kwenye Kirikuu kila silinda ni theluthi ya nguvu. Injini ya mipigo minne kila silinda inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo sailensa ya mizunguko 900 kwa dakika ni milipuko 1,350. Ikifa silinda moja zinabaki 900. Huwezi kukosa kuisikia.

Kwa jaribio hilo moja, plagi, waya na koili zikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Zote alizonunua mara ya pili hazikuwa na kazi. Ikabaki kitu kinachozigusa silinda zote kwa pamoja: taimingi, mafuta au hewa.

Taimingi mzee aliimaliza kwa kidole. Alipapasa bolti inayoshika distributa, akakuta vumbi na grisi ya zamani imeganda pale pale. "Hii haijafunguliwa mwaka mzima. Distributa haikuzungushwa."

Ikabaki hewa. Akamwambia dada afikirie mrija wa soda wenye tundu pembeni. Ukivuta, unavuta hewa zaidi kuliko soda. Injini nayo inavuta hivyo. Ikiwa sailensa mlango wa kabureta umefungwa karibu wote, kwa hiyo mvuto ndani ni mkali na hewa inayohitajika ni kidogo sana. Tundu dogo tu linaharibu kipimo chote, mafuta yanakuwa machache kwa hewa iliyoingia, injini inatetemeka na plagi zinapauka. Ukikanyaga, mlango unafunguka, hewa inaingia kwa wingi wa halali, na ile ya tundu inakuwa kama tone ndani ya ndoo. Ndiyo maana barabarani gari lilikuwa zima na kwenye foleni lilikuwa mgonjwa.

Mzee akachukua chupa yenye maji ya sabuni, ile ya kunyunyizia. Injini ikiwa inawaka, akanyunyiza kidogo kidogo kuzunguka mipira ya hewa, akiwa mbali na distributa. Akakataza kabisa kutumia petroli kama wafanyavyo wengine, maana injini ikiwa ya moto unaweza kuichoma gari na wewe mwenyewe. Alipofika nyuma, pale waya za plagi zinapopita, sauti ikabadilika.

Akaingiza mkono. Akatoa mpira mwembamba mweusi, mnene kama kalamu, umechomoka kwenye manifoldi na ncha yake imepasuka. Waya za zamani zilipovutwa kwa nguvu, ziliuvuta na wenyewe.

Akaweka kidole gumba kwenye tundu.

Mtetemo ukakatika. Na badala ya kutulia, Kirikuu ikapaa, ikaanza kunguruma juu. Dada akashtuka. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza: "Kuna mtu amepandisha skrubu kuficha ugonjwa. Sasa mgonjwa amepona na dawa ya uongo imebaki."

Alikata ncha iliyopasuka, akauchomeka mpira, akaufunga na klipu, akashusha skrubu mahali pake. Gari ikawa inahema taratibu, kikombe cha chai juu ya kiti hakichezi.

Ile shida ya zamani ya asubuhi ilikuwa imepona siku ya kwanza kabisa. Plagi mpya zilikuwa sahihi. Kazi ilikuwa sahihi. Ni mkono mmoja tu uliovuta bila kuangalia.

Alipouliza anadaiwa nini, mzee alisema elfu tano na alete kabichi siku akipita.

Kilichofuata

Mnunuzi alifika saa nne kama alivyoahidi, na pesa kwenye bahasha. Hakukuta gari. Gari ilikuwa Mlowo inapakia nyanya za mama wa vibanda.

Mchumba alipoambiwa tatizo lilikuwa nini, alicheka. "Kumbe mpira tu?" Dada hakucheka. Ule mpira ungemtoa milioni tano na nusu, na kazi, na heshima kwenye kikundi. Na aliyekuwa tayari kuutoa kwa bei hiyo hakuwa fundi wa mtaani. Hajamtuhumu kwa lolote. Inawezekana jamaa alimwonea huruma kweli na alitaka apumzike. Lakini mtu anayekupenda si angeuliza kwanza, kabla ya kukutafutia mnunuzi?

Dada aliongea naye kwa utulivu, akamwambia harusi isogezwe mbele. Si kuvunja, kusogeza. Kwa maneno yake kwa shoga yake: "Nataka nijue mkono wake ulipita wapi kwenye maisha yangu kabla sijabadilisha kingine."

Tangu siku hiyo ana utaratibu wake, na kuna wenye Kirikuu wengine Tunduma wameanza kuuiga:

– Kabla fundi hajagusa kitu, anapiga picha injini kwa simu, pande zote, waya na mipira ionekane.

– Spea za zamani harudi bila hizo. Anaziweka kwenye mfuko, ikitokea shida anazirudisha moja moja kuona kama hali inabadilika.

– Gari ikianza tabia mpya baada ya matengenezo, swali la kwanza ni "kiliguswa nini?", siyo "ninunue nini?"

– Hanunui spea ya pili mpaka fundi amwonyeshe kwa jaribio kwamba ya kwanza ni mbovu.

– Fundi akitaka kupandisha sailensa, lazima kwanza aseme kwa nini imeshuka.

– Hakubali "injini imekufa" bila kupimwa kompresheni kwa geji, silinda moja baada ya nyingine.

Marejesho ya Jumapili alilipa. Si yote, alilipa sehemu na wanakikundi wakamwelewa. Kabichi za mzee zilifika Mpemba Jumanne, nne kubwa.

Sasa wadau, gari limeshapona, hapo hakuna mjadala. Mjadala ni harusi. Kuna wanaosema dada amezidisha, mwanaume alitaka kumpunguzia mzigo. Kuna wanaosema tangu Jumatano mpaka Ijumaa ni siku nyingi sana za kumficha mtu bei ya gari lake mwenyewe. Wewe ungekuwa dada huyu, Desemba ungevaa shela au ungesubiri? Tiririka hapo chini, na kama gari lako nalo linatetemeka, sema kiliguswa nini mara ya mwisho.